Kapembe Hatui Mzigo

Hasira ya Eustadia haikuwa na pa kwenda. Kila aliyemweleza alicheka. Mumewe, Xavery, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Jirani aliyekuja kuomba kaa la moto alicheka akaondoka bila kaa. Ukiibiwa kuku hapa Tabora, watu watakuja kukupa pole na kumlaani mwizi pamoja nawe. Ukiibiwa na mtani, watakuja kukutazama usoni, waone kama utacheka nao au utajiaibisha.

Na yeye aliibiwa na mtani. Kilichoibwa alikuwa mtu, tena mtu asiyekuwapo duniani, jina lake Kapembe. Pamoja na Kapembe iliibwa lugha yake yote.

Eustadia ni msusi wa mtaa wa Ipuli. Husukia kibarazani kwake, chini ya bati, yeye kwenye benchi na mteja kwenye kigoda katikati ya magoti yake. Amesuka vichwa vya mtaa ule tangu hajaolewa, na kama kuna jambo analolijua vizuri ni kwamba mtoto mdogo hasukiki. Hulia, huinamisha shingo, hukimbia na nusu ya kichwa. Wasusi wengine hupiga vibao. Eustadia hakupenda kupiga mtoto wa mtu.

Siku moja aliletewa Katarina, kabinti ka jirani, kenye nywele ngumu na sauti ya king'ora. Kalilia weee, mpaka wapita njia wakawa wanasimama. Eustadia, kwa kuchoka tu, akaanza kusema chochote kilichomjia mdomoni.

"Alikuwako bibi mmoja mfupi kama wewe, anaitwa Kapembe. Alikuwa mpagazi. Akabebeshwa pembe ya ndovu hapahapa Tabora, aipeleke pwani. Walipofika Ugogo akainama kukaza kamba ya mzigo, kuinuka, msafara haupo. Basi tangu siku hiyo anautafuta. Hajafika, hajarudi, na pembe hajaitua, maana alisema ataitua pwani na si kwingine."

Katarina akanyamaza. "Anaongea lugha gani?"

"Ameongea na kila kabila la njiani mpaka zote zimemchanganyikia kichwani. Sasa anaongea ya kwake."

"Isemee."

"Zoke," Eustadia akasema, hata yeye hakujua lilikotoka. "Maana yake tulia."

"Zoke," mtoto akarudia, akatulia.

Hivyo ndivyo Kikapembe kilivyoanza, kwenye kigoda, na kitana kikiwa kichwani mwa mtu. Kila mtoto aliyekuja alidai neno jipya, na wengine walikuja na maneno yao. Maumivu ya pale nyuma ya sikio, nywele zinapovutwa, yakaitwa pwiyo, na hilo alilileta Katarina mwenyewe. Chozi likawa nyendu. Salamu ikawa "mwega?" na jibu lake "mwega lee," yaani njia bado ndefu lakini natembea. Eustadia akaweka sharti moja: neno jipya likitoka, waliopo wote walirudie. Lisiporudiwa, halijawa neno. Baada ya muda watoto wa Ipuli walikuwa wakigombana kwa Kikapembe njiani kwenda shule, mama zao wakipunguziana bei ya nyanya kwa Kikapembe, na wapo waliozoea kukitumia kusengenya wageni mbele ya macho yao.

Mtu mzima pekee aliyekaa kwenye kigoda kile akidai hadithi kama mtoto alikuwa Bi Shamimu. Huyu alikuwa mama wa Kizaramo kutoka Kisarawe, aliyekuja kuishi kwa binti yake Zamda, mke wa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Nywele zilikuwa nyeupe zote, na mtindo ni uleule kila mara, twende kilioni. Tangu enzi za misafara Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na hawa wawili waliufaidi utani huo mpaka watu wakawa wanakuja kusikiliza.

"Nisuke taratibu, mpagazi wewe," Bi Shamimu angesema. "Hicho ni kichwa cha bosi wako. Babu yako alibeba godoro la babu yangu."

"Alilibeba kwa sababu babu yako alikuwa amelala juu yake," Eustadia angejibu. "Mzaramo kafanya kazi gani zaidi ya kusubiri nazi idondoke?"

Wangecheka mpaka machozi. Hakuna aliyekasirika, kwa sababu kwenye utani hakukasirikwi. Mtani anaweza kuingia kwako akabeba sufuria na mboga yake jikoni, na wewe unachotakiwa kufanya ni kumtukana huku unacheka. Ukinuna, umepungukiwa wewe.

Siku moja Bi Shamimu aliuliza swali lililomkwamisha msusi.

"Huyu bibi yako, kutua mzigo anakuitaje?"

"Hana neno hilo, mtani. Hajatua, litamsaidia nini?"

"Hata akifa?"

Eustadia akasimamisha kitana. Hakuwa amelifikiria. "Siku atakayotua nitalitafuta."

"Litafute mapema," Bi Shamimu akasema. "Mimi nataka kulisikia." Kila alipokuja kusukwa tangu hapo aliliulizia, na kila mara akajibiwa kwamba bado.

Bi Shamimu alikuwa na mtoto wa kiume, Awadhi, kijana mtanashati mwenye sauti nzuri, mtangazaji katika redio moja ya mjini. Ndiye aliyemtoa Eustadia kibarazani akampeleka studio, kipindi cha watoto cha Jumamosi. Tusimnyime haki yake, alifanya wema, na Eustadia alimwita mwanangu. Tabora nzima ikamjua Kapembe. Walimsikia hadi Ntalikwa mashambani, na wengine waliokuja mjini na baiskeli zao za mkaa waliuliza kibaraza cha yule bibi wa pembe kiko wapi.

Kisha Awadhi akapata kazi Dar es Salaam, kwenye kampuni ya kutengeneza katuni. Siku ya kipindi chake cha mwisho, vipaza sauti vikiwa wazi, akaanza utani.

"Mama Eustadia, nyie Wanyamwezi mmebeba vyetu miaka na miaka. Leo nataka na mimi Mzaramo nibebe. Nipe huyo Kapembe nimpeleke pwani."

Eustadia akacheka, studio nzima ikacheka. "Mchukue, mtani! Ni wako. Mbebe wewe kwa mara ya kwanza maishani mwako, sisi mabega yametuchubuka."

Mtu yeyote wa Tabora angejibu vilevile. Ungetaka ajibu nini? Aseme hapana, huyu ni mali yangu, tuandikishane? Angechekwa kutoka Ipuli hadi Urambo. Alijibu kama mtu aliyelelewa vizuri, na malezi yake mazuri ndiyo waliyomkaba nayo.

Maana Awadhi alimchukua kweli.

Katuni ilipotoka, watoto ndio walioiona kwanza, kwenye simu za kaka zao. Wakaja kibarazani mbio, wakimshangilia. Eustadia akavaa miwani, akatazama. Kapembe alikuwa amefanywa msichana mwenye kope ndefu na viatu vya kung'aa. Hayo angeyavumilia. Lakini kila wimbo ulipoanza, Kapembe wao aliitupa pembe chini, akacheza, akaiokota, akaendelea. Kila wimbo. Eustadia aliirudisha nyuma akatazama tena, akidhani macho yamemdanganya.

"Anaitua," akasema. "Wamemfanya anaitua."

Watoto wakamtazama bila kuelewa kwa nini hashangilii nao. Na wewe unaweza kusema, katuni tu hiyo, mama mzima unakasirikia katuni? Sawa. Lakini kama una kitu kimoja ulichokitengeneza kwa kichwa chako mwenyewe, na kitu hicho kina mfupa mmoja unaokisimamisha, halafu mtu aje auchomoe mfupa huo ili apate nafasi ya wimbo, ndipo uje unifundishe mimi hasira ni nini.

Aliwapigia redioni kuomba angalau yeye aendelee na Kapembe wake wa Jumamosi. Meneja akamjibu kwa aibu. Kampuni ilikuwa imekwisha kusajili hakimiliki ya jina la Kapembe, sura yake na lugha ya Kikapembe. Hakuna ruhusa ya kuvitumia hadharani bila idhini yao. Na kama kuna mwenye kubisha, walikuwa na sauti ya kipindi, mwenyewe akisema kwa kinywa chake mchukue, ni wako, huku anacheka.

"Unasikika unacheka kabisa, mama," meneja akasema. "Hulalamiki popote."

Akaenda kwa wakili, kwenye chumba kimoja karibu na soko kuu. Wakili Vedasto alikuwa kijana mwenye adabu. Alimpa shikamoo, akamkalisha, akasikiliza. Eustadia alipofika kwenye maneno ya studio, mdomo wa wakili ukaanza kucheza.

"Cheka tu, baba," Eustadia akasema. "Usije ukapasuka bure."

Wakili akacheka, akaomba radhi, akaeleza. Kisheria aliyemtunga mhusika ndiye mwenye haki, na haki hiyo haihamishwi kwa neno la mdomo, hutakiwa maandishi. Kwa Kapembe kulikuwa na kesi. Kwa Kikapembe hakuwa na hakika. Kama lugha yenyewe, nje ya hadithi, inaweza kuwa mali ya mtu, hapo hata wanasheria wa nchi kubwa hawajakubaliana. Na kesi ingekuwa Dar, ndefu, dhidi ya watu wenye mawakili wa kukodi.

"Na wataipiga ile sauti mahakamani, mama. Mimi nitasema ulikuwa utani. Wao watauliza, alikuambia nani kwamba anatania? Nitamleta nani aseme yaliyokuwa moyoni mwako?"

"Mleteni Awadhi."

"Awadhi ni shahidi wao."

Eustadia akarudi Ipuli kwa miguu, akatukana njia nzima kwa Kinyamwezi, lugha ambayo haijasajiliwa na mtu. Alimpigia Awadhi. Awadhi alipokea kwa furaha, kama mwana wa nyumbani. "Mtani! Umeona nilivyombeba? Kafika pwani huyo!" Alipoona mama hacheki, akasema, "Aa, mama Eustadia, umeanza kununa? Mnyamwezi gani wewe?" Tangu hapo alipompigia hakupokea.

Kilichomvunja kabisa ni sherehe ya shule. Watoto wa darasa la Katarina walikuwa wameandaa mchezo wa Kapembe wa kuwaaga wenzao, wameufanyia mazoezi kibarazani kwa Eustadia muhula mzima. Mwalimu mkuu akasikia habari za kampuni, akaogopa, akaufuta. Katarina, ambaye sasa ni msichana wa darasa la sita mwenye kiburi chake, alikuja na kikapu kilichofumwa kama pembe, akakiweka chini kibarazani.

"Mwalimu kasema tukisema zoke jukwaani tutapelekwa mahakamani. Neno la pwiyo je? Pwiyo si langu?"

"Ni lako," Eustadia akasema.

"Basi kwa nini nisiliseme?"

 Eustadia akakiinua kile kikapu kutoka chini, akakitundika ukutani, maana hakuvumilia kukiona kimetuliwa.

Bi Shamimu alijua yote. Alimpigia mwanawe mbele ya Eustadia, akamtukana, na hayo hayakuwa matusi ya utani. Kijana akamjibu mambo ya kampuni, mikataba, mabosi. Mama akakata simu. Siku hiyo alisukwa kimya, na alipoondoka aliuliza kama kawaida, "Neno bado?" Akajibiwa bado. Hakuja kusukwa tena. Presha ilimwangusha bafuni siku chache baadaye, na kabla ya alfajiri alikuwa amekwisha fariki.

Awadhi aliwahi ndege ya asubuhi. Ipuli ilijaa watu, Waislamu na Wakristo, turubai nje na masufuria uani. Eustadia alikuwa ndani na akina mama tangu alfajiri. Alilia kama ndugu, maana ndivyo alivyokuwa. Maiti ikaoshwa, ikakafiniwa, ikawekwa kwenye jeneza. Wanaume wakaingia kulibeba, wapate kuwahi kuswali adhuhuri msikitini.

Walipogeuka nalo watoke, wakamkuta Eustadia amelala mlangoni, kifudifudi, kutoka mwimo hadi mwimo.

Vicheko vikapasuka katikati ya kilio. Kila mtu alielewa. Huo ni wajibu wa mtani msibani, kuziba njia, maiti asitoke mpaka wafiwa watoe chochote. Watu walikuwa wamemsubiri tangu asubuhi waone atafanya kituko gani. Shehe mwenyewe akatabasamu. "Mlipeni mtani apishe, muda unakwenda."

Awadhi, macho mekundu, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akatoa noti mfukoni, akainama. "Haya, mpagazi, mshahara wako huu."

"Hela zako kaa nazo," Eustadia akasema bila kuinua kichwa. "Namtaka Kapembe."

Wakacheka zaidi. Simu zikainuliwa, watu wakirekodi.

"Kapembe huyo?" Awadhi akasema, akifuta macho. "Mchukue, mtani! Mchukue, ni wako! Tupishe tumzike mama."

Eustadia akainuka. Akajikung'uta vumbi la kanga taratibu, akasimama palepale mlangoni, uso kwa uso naye. Hakuwa anacheka.

"Mmesikia wote," akasema. "Na simu zimesikia. Kasema nimchukue, ni wangu."

Tabasamu la Awadhi likachelewa kuondoka. "Mama Eustadia, huo si utani tu?"

"Ni utani?"

"Sasa je? Si tunataniana?"

"Basi na mimi siku ile nilikuwa nakutania!" Sauti yake ilitoka kubwa mpaka masufuria ya uani yakanyamaza. "Kama la leo ni utani, na la studio ni utani, mrudishe. Kama la studio ni kweli, na la leo ni kweli, mrudishe. Chagua, mwanangu. Chagua hapa, mama yako akiwa anakusikiliza."

Hakuna aliyecheka. Mnyamwezi alikuwa amemkasirikia Mzaramo, tena msibani, tena mlangoni, jambo ambalo wazee waliokuwapo walisema hawajapata kuliona. Xavery akatazama chini. Eustadia aliona aibu ikimjia usoni kama moto, akaiacha ije. Ilikuwa heri aibu hiyo kuliko kuendelea kuchekeshwa.

Awadhi akafungua mdomo. "Mimi ni mwajiriwa tu, mama. Kampuni..."

"Sijaiuliza kampuni. Kampuni haikunyonya ziwa la huyu."

Shehe akakohoa. Jeneza lilikuwa mabegani mwa watu, nao walikuwa wakiloa jasho. Eustadia aliliona hilo, na hasira yake ikajua mpaka wake. Mtani wake hakustahili kucheleweshwa. Akasogea pembeni, akaacha njia.

Lakini jeneza lilipokuwa likipita, aliweka kiganja juu ya kitambaa chake. Akasema kwa nguvu, kwa ile sauti ya Kapembe iliyokatazwa, mbele ya mtaa mzima:

"Mwega, Shamimu. Sheleya."

Neno hilo halikuwa limewahi kusikika redioni wala kibarazani. Ndilo lile alilokuwa akiliulizia Bi Shamimu kila aliposukwa. Eustadia alikuwa amelipata alfajiri ile, akimfumua mtani wake zile twende kilioni kabla hajaoshwa, na akawaambia wanawake waliokuwa naye chumbani maana yake. Zamda alikuwamo. Katarina alikuwa ameingia na maji, akalisikia naye.

"Sheleya," Katarina akarudia, wa kwanza.

"Sheleya," wakaitikia akina mama wa ndani. Watoto wa turubai wakalidaka. Vijana waliokulia kando ya kigoda kile, ambao sasa ndevu zimeanza kuwaota, wakalisema chini ya jeneza walilolibeba. Likapita kutoka mlangoni hadi barabarani, mdomo kwa mdomo, mpaka likawa neno.

Awadhi alisimama kizingitini, mkono mmoja bado na zile noti. Alijua kwamba mama yake ameambiwa jambo, na kwamba mtaa mzima umelielewa isipokuwa yeye. Akamgeukia dada yake.

"Zamda, wamemwambia nini mama?"

Zamda akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Unaniuliza mimi?" akasema. "Lugha si yako?"